Kigurudumu cha Mzani

Siku niliyopunguza uzito wa familia nzima kwa kidole kimoja ilikuwa Jumanne, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mlengwa hakuwa Baba.

Nilikuwa nimefika nyumbani kwa likizo siku hiyo hiyo, kutoka shule ya bweni ambako nilikuwa na cheo. Nilikuwa kiranja wa bwalo, na wenzangu waliniita Waziri wa Mkate. Si jina la kubezwa. Kila asubuhi mkate mmoja uliwekwa mbele ya meza yenye wasichana kumi na wawili, na mimi ndiye niliyeshika kisu. Ukikata vibaya kuna atakayekosa, na huyo atakukumbuka hadi siku ya mahafali. Kwa miaka mitatu nilijifunza kukata vipande vyembamba kiasi kwamba ukikiinua kimoja dirishani unamwona mwalimu wa zamu akija.

Nyumbani nilikuta utawala umebadilika. Siagi ilikuwa imefichwa nyuma ya sabuni ya unga. Mlangoni mwa friji palibandikwa karatasi yenye namba: 107 juu kabisa, halafu 106, 105, na mwisho 103. Bafuni, mahali pa kapu la nguo chafu, palikaa mzani wa kupimia watu, wa duara, wenye mshale mwekundu.

"Ni wa baba yako," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Usiuchezee."

Mama ni fundi wa nguo na ananifahamu vizuri.

Baba naye anaendesha kreni, ile ndefu iliyosimama kwenye majengo mapya nyuma ya kituo cha treni. Kila asubuhi hupanda ngazi ya mita hamsini na mbili, hukaa kwenye kibanda cha vioo, na hashuki mpaka jioni. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na minne. Kutoka huko juu anaiona nyumba yetu, ndogo kama kibiriti, na kamba yetu ya kuanikia nguo. Saa sita kamili Mama huanika kitambaa cha njano kwenye kamba ile, na Baba hukitazama kwa darubini yake kuukuu. Maana yake ni kwamba wote tuko salama, kula chakula chako. Waliuanza mtindo huo nilipokuwa mtoto wa miaka miwili, mgonjwamgonjwa, na hawakuuacha nilipopona. Simu zipo, lakini Baba anasema simu haipepei.

Wiki tano kabla ya likizo yangu, kampuni ilileta afisa usalama mpya. Huyu bwana alisoma maandishi madogo kwenye mkanda ambao wapandaji hujifungia kwenye ngazi, akagundua kwamba mkanda umetengenezwa kubeba kilo mia moja na tano, mtu pamoja na kila alichobeba. Akampa Baba wiki nane. Baba akapiga hesabu ya haraka: nguo, buti na vikorokoro, tuseme kilo tano. Kwa hiyo yeye mwenyewe, akiwa na fulana, asizidi mia moja. Akishindwa, atahamishiwa stoo kugawa misumari.

"Na stoo," aliniambia usiku niliofika, akiwa ameinamia bakuli lake, "haina dirisha hata moja."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Katika bakuli lile kulikuwa na supu ya kabichi. Supu ililetwa na Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye alikuja kutusaidia na masanduku mawili. Shangazi anazijua dayati zote zilizowahi kupita kwenye simu. Hajapungua, lakini anazijua.

"Kaka, wiki moja tu ya supu hii," alisema, "utateleza ndani ya suruali zako kama sabuni."

"Kuna nini ndani?" Baba aliuliza.

"Kabichi."

"Na nini kingine?"

"Imani."

Sasa niambieni, mtu aliyelelewa bwenini angefanya nini? Chini ya ukingo wa mzani kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha mshale. Kabla ya kulala nilikigeuza hadi mshale ukalala kilo nne chini ya sifuri. Shangazi huamka wa kwanza. Nilitaka apande, ajione amepoteza kilo nne kwa bakuli moja la kabichi, atangaze muujiza mezani, nami niuweke wazi kwa heshima zote wakati wa chai.

Lakini alfajiri ile aliyeamka wa kwanza ni Baba.

Nilisikia kwanza kimya. Kisha kishindo, kama mtu aliyeruka. Kisha Baba, ambaye sijawahi kumsikia akiimba, akaimba.

"Tisini na tisa! Mama watoto! Tisini na tisa!"

Tulikimbilia bafuni sote. Alikuwa amesimama juu ya mzani na fulana yake, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, machozi yakimlengalenga. Shangazi alipiga vigelegele. Mama alikuja na futi yake ya kupimia shingoni kama kawaida. Aliutazama mshale. Akakitazama kiuno cha Baba. Akanitazama mimi.

"Hongera, baba watoto," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Baba akanikumbatia na kuninyanyua juu, mimi na miaka yangu kumi na sita, akisema, "Mwanangu, sitauacha mlingoti wangu!" Mdomo ukajifunga wenyewe.

Wakati wa chai Baba alitoa matamko mawili. La kwanza, Jumamosi ya mwisho kabla ya kupimwa tutakwenda pikiniki kwenye bustani ya manispaa, familia nzima, kwa sandwichi. La pili, kwa kuwa kazi imekwisha, anarudia chakula chake cha mchana cha zamani: nusu mkate na siagi, soseji nne, chai ya maziwa lita mbili.

Nikapiga hesabu upesi. Baba ana kilo mia na tatu, anadhani ana tisini na tisa, na anaomba soseji.

"Baba," nilisema, nikisimama kama mtu anayeapishwa, "kuanzia leo chakula chako cha mchana ni juu yangu. Ni zawadi yangu."

"Ona mtoto huyu," Baba akamwambia Shangazi. "Bweni limemlea."

Mama alikata uzi kwa meno.

Ndivyo nilivyoanza kuamka saa kumi na moja kila siku ya likizo yangu, jambo ambalo hata kengele ya shule haikuwahi kulifanikisha bila vitisho. Nilinunua mkate wa ngano isiyokobolewa. Nilikata vipande vinne kwa mtindo wa bwaloni, vyembamba vya kuonea mwalimu, ili akihesabu aone vinne na afurahi. Mayonezi niliifukuza. Nilichuja mtindi kwa kitambaa safi usiku kucha mpaka ukawa mzito, nikaukamulia limau na kitunguu saumu kilichopondwa. Kidari cha kuku nilikichemsha bila ngozi, nikakichana kwa uma. Tango nililikata, nikalinyunyizia chumvi, nikaliacha litoe maji kisha nikalikausha, kwa sababu tango lisilokaushwa hulowesha mkate, na mkate uliolowa huko mita hamsini na mbili humfanya mtu akumbuke soseji. Jani la letusi lilitangulia kila upande kuzuia unyevu. Katikati karoti iliyokwaruzwa, majani mengi, na kipande cha parachichi kisichozidi kidole, kwani parachichi ni tunda zuri lakini halina adabu kwa mtu anayepungua.

Ukiibana kwa karatasi na kuikata kwa mshazari, sandwichi hiyo ilikuwa na unene wa godoro na moyo wa bustani.

"Leo nimekula mpaka nikaacha," Baba alisema jioni ya kwanza. "Hivi hamuogopi nitanenepa tena?"

"Kula tu, Baba."

Jioni nilikuwa na hila nyingine. Nilidai naogopa mbwa wa kona, nikamwomba Baba anisindikize kwenda maktaba, ambayo iko juu ya kilima. Nilikwenda maktaba kila jioni kwa wiki tatu. Mhudumu alianza kunitazama kwa mashaka. Nilisoma hadi kitabu cha ufugaji wa nyuki.

Kila mara nilipoona Baba amepungua kweli, nilikirudisha kigurudumu robo kilo. Kwa njia hiyo mshale wake ulibaki pale pale, tisini na tisa, na yeye akaridhika. "Mwili umetulia," alisema.

Tatizo likawa Shangazi. Naye alipanda mzani kila siku, naye alikuwa "amepoteza" nne zile za kwanza. Mimi nilipokuwa narudisha robo robo, mshale wake ulipanda robo robo, na kila ulipopanda alibadili dayati. Supu ya kabichi ilifukuzwa baada ya siku sita. Akaacha wanga wote, akawa anautazama mkate wangu kama mtu anayemtazama mchumba aliyemwacha. Mshale ukapanda. Akaanza kula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, na saa sita kasoro dakika mbili unamkuta amekaa mezani, uma mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Mshale ukapanda. Akanywa siki kwa maji ya uvuguvugu, uso ukamkunjamana hadi adhuhuri.

"Wifi," alimwambia Mama, "mwili wangu una ukaidi."

"Wifi, labda una njaa," Mama akajibu.

Nami sikupona. Ngozi ya kuku, mikato ya mkate, masalio ya parachichi, vyote nilivimaliza mimi jikoni, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Wiki ya pili nilijaribu sketi yangu ya shule, nikaona kifungo kinavuta. Wiki ya tatu kifungo kiligoma kabisa. Nililichukulia kama hukumu kutoka juu. Kwa siku tano nilikunywa supu ya kabichi ya Shangazi kwa siri, na sasa naweza kusema kwa uzoefu kwamba imani aliyoitia haikutosha.

Ijumaa ya mwisho, kabla hakujakucha, nilikigeuza kigurudumu kwa mara ya mwisho. Mzani ukiwa mtupu ulisoma sifuri. Asubuhi Baba akapanda: tisini na tisa. Ya haki, ya kweli, isiyo na mkono wa mtu. Nilijifungia chooni nikajipongeza.

Jumamosi tulitandika shuka kwenye nyasi za bustani, karibu na bwawa la bata. Nilikuwa nimetengeneza sandwichi za aina mbili, za kuku na za maharagwe yaliyopondwa kwa limau na bizari, na nilizipanga kwenye kopo kama vitabu. Upepo ulikuwa mzuri. Nyuma ya miti kreni ilionekana, imesimama bila mtu, mkono wake umenyooka.

"Keshokutwa saa tatu," Baba alisema akiitazama. "Napimwa, napanda."

"Baba watoto," Mama akasema taratibu, akichambua letusi, "jana nilishona mfuko wa mkanda wako uliochanika. Bega liliniuma kwa kuunyanyua. Nikaupeleka bafuni. Mkanda na vilivyomo, buti, kofia, ovaroli, mfuko wa chakula na chupa ya chai. Unajua ni kilo ngapi?"

"Tano."

"Tisa."

Baba alisimamisha sandwichi njiani. Tisini na tisa na tisa. Hata bata walielewa.

"Miaka kumi na minne," Mama aliendelea, "unapimia watu saruji na vyuma usiku na mchana. Mkanda wako mwenyewe hujaupima hata siku moja."

Kisha Baba akacheka, akajipangusa mdomo. "Hakuna neno. Dada, si ile supu yako ilinitoa kilo nne kwa usiku mmoja? Basi usiku huu unipikie sufuria nzima, na kesho usiku tena. Jumatatu nina tisini na moja."

"Nitapika hata mbili!" Shangazi alisema, uso uking'aa kwa mara ya kwanza tangu siki.

Niliona Jumatatu ilivyo: Baba kwenye mzani wa kampuni, amejaa supu na matumaini, na mshale unasoma mia na nane. Niliona stoo isiyo na dirisha.

"Baba," nikasema. "Zile kilo nne hazikuwa za supu. Zilikuwa zangu."

"Zako vipi?"

Nikaeleza. Nilieleza nikitazama bata. Kigurudumu, Shangazi, alfajiri ile, robo robo, mtindi, maktaba. Baba aliweka sandwichi yake chini, kwa uangalifu, kama anavyoweka mzigo.

"Kwa hiyo siku nilipoimba," akasema, "nilikuwa na mia na tatu."

"Ndiyo, Baba."

"Na jana?"

"Ya jana ni yako halali. Sifuri ilikuwa sifuri. Umepungua kilo nne kweli, kwa wiki tatu."

"Kwa sandwichi?"

"Na kwa mbwa wa kona."

"Yule mbwa," Baba akasema, "ana miaka kumi na tatu na hana meno."

"Najua, Baba. Nisamehe."

Alinitazama. Sikuwahi kuona uso wake ukiwa haujui uende wapi. "Ungeniacha niende Jumatatu na furaha ya uongo," alisema polepole, "ningeondoka pale juu bila hata kuaga." Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliniuma.

"Na mimi?" Shangazi akauliza kwa sauti ndogo. "Wanga wangu? Siki yangu?"

"Nisamehe, Shangazi. Hukuongezeka hata kidogo. Uko vile vile ulivyokuja."

Shangazi alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, akachukua sandwichi mbili kwa mpigo, akaziuma zote pamoja.

Ni Mama tu ambaye hakushangaa. "Mshale uliruka kilo nne," alisema, "na futi yangu haikuona hata nusu sentimita kwenye kiuno. Nikaenda kuutazama mzani mtupu. Unasoma chini ya sifuri. Baba watoto, kreni unaikagua sifuri kila asubuhi kabla ya kunyanyua hata ndoo. Mzani wa bafuni unaupanda tu kama kibaraza."

"Ulijua wiki zote tatu?" Baba akauliza.

"Nilikuwa napima kiuno chako kila Jumatano unapokoroma. Kilikuwa kinapungua. Nikaona aliyeharibu anatengeneza, nikamwacha atengeneze." Akanigeukia. "Nilitaka kuona utasema lini. Na sketi yako nimeibana mimi. Kila ulipogusa kigurudumu, niligusa mshono."

Nilikumbuka siku tano za kabichi. Baba ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na Shangazi mdomo umejaa akamfuata.

"Basi supu tena leo usiku, ama?" Shangazi akauliza walipotulia.

"Hapana," Mama akasema. "Mtu hapandi mita hamsini na mbili na njaa. Mwili wake umefanya kazi yake. Sasa ni zamu ya mkanda."

Jumapili mchana tulikaa kibarazani na mkanda ule katikati yetu, mzani pembeni, sifuri imekaguliwa na watu wanne. Baba alifungua mfuko mmoja mmoja. Zikatoka nati na bolti, viganja viwili. Spana kubwa ya kreni ya zamani iliyokwisha kuuzwa. Funguo tisa.

"Za nini?" Mama akauliza.

"Za makufuli."

"Yako wapi?"

Baba hakumbuki. Ikatoka redio isiyo na betri, betri zisizo na redio, kopo la dawa ya kuchua, na kipande cha mkate kilichokauka ambacho mimi kama Waziri nilikithibitisha kuwa cha mwaka uliopita. Chupa ya chai ya lita mbili tukaibadilisha na chupa ndogo ya maji. Mfuko wa chakula nao nikaupima, sandwichi nne za maharagwe, na ulikuwa nusu ya ule wa zamani.

Akavaa vyote vilivyobaki, akapanda. Mia na tano na kidogo. Kile kidogo kilikuwa gramu mia tatu.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja kisicho cha kazi. Baba aliitoa darubini kifuani, akaishika. Ilikuwa nzito, ya chuma, imechubuka rangi. Tuliipima peke yake: gramu mia sita.

"Hii siiachi," akasema. "Bila hii sioni kitambaa."

Shangazi alijitolea kumnyoa Baba nywele. Mimi nilipendekeza aache soksi. Baba alitikisa kichwa, akiigeuzageuza darubini mikononi.

Mama alinyanyuka, akaingia ndani. Tulisikia kabati likifunguliwa. Alirudi na shuka la njano la kitanda kikubwa, lile la wageni ambalo hata Shangazi hakupewa, akalikunjua mbele ya Baba kutoka ukuta hadi ukuta.

"Na hili," akauliza, "utaliona?"

Baba alilitazama kwa muda. Kisha akanipa darubini.

Jumatatu saa tatu tulikuwa uani. Saa tatu na nusu tulikuwa bado uani. Shangazi alikuwa amekula mayai mawili na mkate saa moja asubuhi, bila kuangalia saa, na sasa alikuwa anatafuna kucha. Mama alikuwa ameshaanika shuka, saa sita haijafika hata karibu, na lilijaa upepo likavuta kamba hadi nguzo ikalia. Nilielekeza darubini kwenye ngazi ya kreni. Hapakuwa na mtu.

"Unaona nini?" Mama akauliza.

"Ngazi."

"Na nini kingine?"

Kitu kama sisimizi mwenye kofia nyeupe kilianza kupanda kutoka chini. Kilipanda bila haraka, kikasimama katikati kupumua, kikapanda tena, kikaingia kwenye kibanda cha vioo.

Sikuhitaji kusema. Mama alikuwa amekwisha kuuona mkono wa kreni, mrefu, mtupu, bila mzigo wowote, ukianza kugeuka juu ya paa za mji. Uligeuka taratibu, ukapita kituo cha treni, ukapita maktaba, ukaja ukasimama umeinyooshea kamba yetu ya nguo.

"Haya," Mama akasema, akijipangusa macho kwa ncha ya futi yake. "Lete sketi hiyo niiachie mshono."